Ya Arobaini na Moja

Mzee Mulwa alikutwa juu ya dungu lake, jukwaa la mbao la kulindia mazao, katikati ya shamba la mtama huko Ndithini, saa nane mchana. Kofia ilikuwa usoni. Ungedhani amejipumzisha tu. Ila nzi waliokufa walikuwa wamemzunguka kama punje zilizomwagika, na harufu ya dawa ya viwavi ilikuwa bado inakata koo.

Inspekta Kavutha alipanda ngazi akiwa amejifunga leso puani. Nguo za marehemu zilikuwa zimelowa dawa chepechepe. Alishuka polepole, akatazama juu. Angani hakukuwa na kitu, lakini shingo ilimsisimka kama ya mtu anayetazamwa.

Kijiji kilishampata muuaji. Ni Ndila, mke wa marehemu. Yeye ndiye aliyepewa na chama cha wakulima kutunza kundi la droni, ndogo kama njiwa, zinazoruka pamoja zikifukuza ndege na kunyunyizia viwavi dawa. Wazee wa ukoo walisema mzee atazikwa Jumamosi, na huyo mwanamke hatamtupia hata konzi moja ya udongo.

"Mwaitu, mama, ulizituma?" Kavutha alimuuliza kituoni.

"Hazitumwi, mwanangu. Hazina mkubwa. Kila moja inauliza jirani yake, viwavi wako wapi? Ikiambiwa pale, inaenda pale, na zingine zinafuata."

"Zinaweza kudanganyana?"

"Hizo? Uongo zitautoa wapi?"

"Ziko ngapi?"

"Zilikuja arobaini."

"Sasa ziko ngapi?"

Ndila akamtazama kama aliyetamkiwa neno chafu. "Kwetu mtu hahesabu mbuzi wala watoto. Ukihesabu, unaita kifo. Na hizi nimezizoea. Kila moja nimeifunga uzi wa katani, ule wa kusukia kiondo. Zikirudi bandani najua tu zimerudi."

Kavutha aliinamisha kichwa. Mama yake mwenyewe hakuwahi kutaja idadi ya watoto wake mpaka alipofariki. Hata hivyo alikwenda bandani akahesabu, na kila namba ilimtoka kwa shida, kama anaiba.

Arobaini na moja.

Akarudia. Arobaini na moja. Ya mwisho ilifanana na wenzake kwa kila kitu, ila uzi wake ulikuwa wa nailoni, wa bluu. Akaitia kwenye mfuko wa ushahidi. Hakumwambia mtu.

Kesho yake akaamuru matangi yamwagwe dawa yote, kisha zile arobaini ziachiliwe. Zikazunguka mtama. Ilipofika saa saba, saa yao ya kunyunyizia, zikaenda zote juu ya dungu tupu, zikabaki pale zikivuma kama waombolezaji. Mwongo hayupo, na bado zinakwenda. Kavutha alijikuta amevua kofia.

Aliyezileta droni hizo ni Muli, fundi wa Mitaboni, ambaye chama kilimfukuza mwaka jana na tangu hapo hakukanyaga Ndithini. Kavutha akamkuta kibandani kwake, macho mekundu.

"Walikufukuzia nini?"

"Kusema kweli. Niliwaambia droni zao hazina mlango. Mgeni akijua lugha yao anaingia, na anaaminiwa kama ndugu. Mzee Mulwa akasimama mkutanoni akasema fundi anaogopa njiwa wa bati. Watu wakacheka mpaka wakakohoa."

"Na wewe?"

"Nilikunja vyombo vyangu nikaenda."

"Tumekuta moja ya kigeni, Muli. Tumeitoa."

Muli alikuwa anasugua waya. Mkono ukasimama. "Haisaidii," akasema, kama anayejisemea. "Hata mkitoa hiyo ya uzi wa bluu, zitaenda tu. Zimeshafundishana. Jana saa saba nilisimama kule barabarani, nje ya Ndithini, nikazisikia."

Kavutha alimwacha amalize. Kisha akauliza kwa upole, "Nani amekuambia uzi ni wa bluu?"

Fundi aliweka waya chini.

"Ndila hahesabu, kila mtu anajua. Nikatengeneza moja ikadanganye kwamba viwavi wako kwenye dungu. Dungu la Mulwa, kwa sababu ndiye aliyenicheka. Nilitaka akute mbao zimelowa, ajue nilisema kweli, anyamaze. Siku hizi ndege wanafukuzwa na droni. Nani tena anapanda dungu?"

"Yeye. Kila mchana. Alimwambia mkewe hawezi kula mtama ambao hakuulinda."

Muli akanyoosha mikono yote miwili. Pingu zilimkuta amekwisha kuanza kulia.

Jumamosi wazee walimpisha Ndila awe wa kwanza kufika kando ya kaburi, lile lililochimbwa kando ya mtama. Alikuwa ameomba droni ziachiliwe, matangi makavu. Saa saba zikaja, zikajikusanya juu ya dungu, na watu wakaanza kurudi nyuma.

Ndila hakusogea. Akainua kidole na kuanza kuhesabu kwa sauti, moja, mbili. Mzee mmoja akamkemea: "Mke wa Mulwa, acha."

"Niache nini? Si kifo kimeshakuja?"

Akaendelea bila haraka hadi arobaini. Kisha akakishusha kidole mpaka kikaelekea jeneza.

"Arobaini na moja," akasema, akamtupia mumewe udongo.