Bega la Cheche

Walijuana kwa ugomvi. Korido ya hospitali ilikuwa imefurika wagonjwa, na fundi wa vyuma, ovaroli yake ya buluu imejaa matundu ya moto, alikuwa amejikalisha katikati ya mlango wa chumba cha eksirei akibadilisha bawaba.

"Kaka, wagonjwa wangu wapite juu ya kichwa chako?" aliuliza mpiga picha, dada mwenye koti jeupe na viatu vyekundu.

"Ukipita wewe, dada, nainama mwenyewe."

Alijitahidi asicheke, akashindwa. Mwaka haukuisha alikuwa akimwita Cheche, na Cheche alikuwa amepangiwa Jumamosi ya kwenda na mjomba wake kuposa.

Jumamosi ikafika, ikalia simu.

"Mpenzi, siwezi kuja. Bega linaniua, na homa juu."

"Bega ndilo litakalozungumza na baba? Wazee wamejaa sebuleni, Cheche! Sema tu umeogopa."

"Nisikilize, mama..."

Dada akakata. Siku nne hakupokea simu zake, na mimi simlaumu. Aibu mbele ya wazee inauma.

Siku ya tano Cheche mwenyewe alikuwa kwenye foleni yake. Aliingia amekonda, jasho linamtiririka, na karatasi ya daktari: picha ya bega. Akampiga picha. Mfupa haukuwa na hata ufa.

"Bega lako zima," alisema bila kumtazama. "Nenda nyumbani."

Cheche aligeuka, akashika ukuta. Alikuwa akipumua kifupi kifupi, kama anayeogopa kuvuta pumzi. Hapo woga ukamwingia dada wa watu. Alimpigia daktari, akaruhusiwa kupiga picha ya kifua, mgonjwa akiwa amesimama, maana hewa hupanda juu mtu akisimama.

Upande wa kulia, chini ya mapafu, pale ambapo ini huonekana jeupe tupu, palikuwa na uwazi mweusi, na chini yake mstari ulionyooka kama maji ndani ya glasi. Hewa haikai pale.

Daktari alikuja mbio. "Ni usaha. Kidole tumbo kilipasuka kimya kimya, uchafu ukapanda mpaka juu ya ini. Ukiwa pale, maumivu husikika begani. Apasuliwe sasa hivi."

"Nitakufa?" Cheche aliuliza.

"Hufi," alisema dada, akimfuta jasho. "Nisamehe, mpenzi wangu. Laiti ningepokea simu..."

"Nilijua utadhani nimekimbia."

Kitanda kiliposukumwa kuelekea chumba cha upasuaji, dada alimpigia baba yake akilia, akamweleza yote bila kujitetea.

Alasiri Cheche alifumbua macho, mpira mwembamba wa kutoa usaha umetokeza ubavuni. Daktari alishasema hatari imepita. Kando ya kitanda aliketi mzee mwenye shati lililopigwa pasi. Cheche akajikakamua kuinuka.

"Shikamoo, baba. Nilikuwa nije..."

"Marahaba. Lala, mwanangu. Hukuweza kuja, nimekuja mimi. Haya, sema."

"Msemaji ni mjomba, baba."

"Mjomba hakupasuliwa. Sema wewe."

"Namwomba binti yako," alisema Cheche, kwa sauti ndogo isiyofika mbali. Lakini aliyesimama mlangoni alisikia, akaanza kulia upya.