Ombi la Mia Mbili na Kumi na Mbili

"Paka yuko jikoni. Maziwa ni saa sita."

Simu ikakatika.

Jasusi Zdislava Kroupová aliigeuza Škoda yake katikati ya barabara ya Brno na kukanyaga mafuta. Ujumbe aliuelewa. Kuna mtu alikuwa ameficha mlango wa siri ndani ya mfumo endeshi wa kompyuta zinazoongoza taa za reli. Saa sita mchana mfumo huo ungesambazwa nchi nzima.

Saa sita na dakika tano, baba yake, dereva wa treni, angeondoka na treni ya Břeclav.

Abiria mia tatu nyuma yake.

Saa tano na nusu alifika kwenye ofisi ulikotengenezwa mfumo huo. Mlangoni alivua buti, akavaa sapatu za ndani za wageni kama ada ilivyo. Bastola ilibaki kiunoni.

Ndani walikuwamo wawili tu: Mzee Hanzal, mpimaji wa mfumo, na Leoš Matula, aliyeandika msimbo wa mtandao.

"Tumeupima mara kumi, dada," Leoš alisema, akitafuna mkate. "Mzima kama chuma!"

"Mmeupima ukiwa umeshiba," Hanzal alinguruma. "Leo naushindisha njaa."

"Vipi?" Zdislava aliuliza.

"Kila ujumbe ukiingia, msimbo huomba nafasi kwenye kumbukumbu ya kompyuta. Nami naunyima makusudi. Ombi la kwanza, la pili, la tatu. Tabia huonekana ukinyimwa, binti."

Namba zilipanda. Tisini. Mia na hamsini.

Saa sita kasoro dakika saba.

Mia mbili na kumi na mbili.

Kioo cha kompyuta kikawa chekundu.

"Mungu wangu," Hanzal alisema. "Msimbo umerudisha nafasi, kisha unaendelea kuitumia. Kama mpangaji aliyehama na funguo mfukoni. Adui akiijaza kumbukumbu mpaka ombi hili likwame, anaweka amri zake humo. Taa zote kijani, treni zigongane."

"Kosa la kibinadamu tu, Mzee," Leoš alisema.

Zdislava hakumtazama usoni. Alimtazama miguuni.

Buti za nje. Kamba zimefungwa mafundo mawili. Katika ofisi ile hata mkurugenzi alivaa sapatu. Leoš alikuja akijua kwamba leo atakimbia.

Alikimbia. Zdislava alikisukuma kiti kwa sapatu, kikamgonga Leoš magotini, akaanguka. Alipojaribu kuinuka, mdomo wa bastola ulikuwa kisogoni mwake.

"Tulia, kaka. Sakafu imepigwa deki."

Zdislava akawasha redio ya upepo. "Zuieni mfumo mpya. Sasa!"

Saa sita kasoro dakika moja.

"Umezuiwa," sauti ilijibu redioni.

Hanzal hakuinuka. "Nimebakiza maombi elfu tatu," alisema, akabonyeza. Mia mbili na kumi na tatu.

Zdislava alizirudisha sapatu rafuni, akavaa buti, akatoka. Darajani treni ya Břeclav ilipiga honi. Hakugeuka. Alitembea akisikiliza mabehewa, mpaka la mwisho likapita.