Picha Iliyokatwa Upande wa Kulia

Kila siku baada ya masomo, Fidélie alipita kando ya soko la Kikula, mjini Likasi, na kuingia katika sekretariati ya shangazi yake, Tantine Albertine. Kilikuwa chumba kimoja chenye kompyuta moja, mashine ya kutolea nakala na benchi la wateja. Watu walileta hapo barua za kuomba kazi na mialiko ya arusi zikiwa mwandiko wa kalamu, wakazichukua zikiwa safi kama nguo zilizopigwa pasi. Fidélie alifagia, akapanga karatasi, na wateja walipopungua aliruhusiwa kuandika. Katika darasa lao la nane hapakuwa na vidole vyepesi kuliko vyake.

Ndiyo maana Mwalimu Hilaire alimkabidhi ripoti ya darasa. Wanafunzi walikuwa wametengeneza chombo cha kunawia mikono karibu na vyoo vya shule: nguzo mbili, bidoni la manjano, lile dumu la maji, lililoning'inizwa kwa kamba, na kanyagio la ubao chini yake. Ukikanyaga ubao, bidoni linainama na maji yanamwagika, wala hakuna mkono mchafu unaogusa kitu. Lilikuwa shindano, na shule tano zenye ripoti bora zingealikwa Mulungwishi kuonyesha kazi zao. Ripoti ilipaswa kufika kwa waandaaji kwa barua pepe Ijumaa, kabla ya saa nane mchana.

Nguzo na bidoni vilitoka kwao Fidélie. Yeye mwenyewe ndiye aliyezibeba nguzo begani kutoka nyumbani hadi shuleni. Wazo la kanyagio lilikuwa la Karima, jirani yake wa dawati tangu darasa la tatu. Siku maji yalipomwagika mara ya kwanza, mwalimu alisema mbele ya wote, "Muangalie huyu mutoto! Karima iko na kichwa ya enjeniya!" Darasa likapiga makofi. Chadrack, ambaye hakukosa neno la kuchekesha, akapaza sauti, "Enjeniya Karima, kuya utengeneze na barabara yetu!" Jina la injinia likamganda. Nguzo hazikutajwa na mtu.

Tangu siku ile Fidélie hakumtazama tena Karima kama zamani. Karima alipocheka, alidhani anachekwa yeye. Karima alipomgawia nusu ya mkate wake, kama alivyozoea, Fidélie alisema ameshiba, ingawa tumbo lilikuwa likimnguruma. Alijua kwamba huo ulikuwa wivu. Kujua hakukumpunguzia lolote.

Alhamisi alibandika katika ripoti picha sita zilizopigwa kwa simu ya Amisi, kaka yake Karima. Ile iliyopendeza kuliko zote ilijaza ukurasa mzima: Fidélie kushoto ameshika sabuni, Karima kulia ameweka mguu juu ya kanyagio. Fidélie alishika pembe ya picha kwa kipanya, akaivuta ndani mpaka ikatosha kiganja. Alifanya hivyo kwa zote sita.

Kisha akabaki akiitazama ile iliyopendeza. Tantine alikuwa ametoka kununua karatasi. Fidélie alichagua kifaa cha kukatia kingo za picha, akausukuma ukingo wa kulia polepole. Ukapotea mkono wa Karima, kisha bega, kisha uso wenye tabasamu. Chini yake akaandika: "Fidélie pamoja na chombo cha kunawia mikono." Alihisi raha, lakini raha hiyo haikudumu hata mpaka Tantine aliporudi.

Ijumaa, saa saba na nusu, Mwalimu Hilaire alifika pamoja na Karima ili waone ripoti ikitumwa. Tantine alibonyeza, wakangoja. Barua ikakataa kuondoka.

"Ni nzito," alisema Tantine. "Mega thelathini na moja, na waandaaji wanapokea kumi tu."

"Lakini nilizipunguza picha zote, Tantine!"

"Ulizipunguza kwa macho, Fidé. Ukikunja kitenge mara nne, kinakuwa kidogo, lakini ukikiweka kwenye mizani, uzito ni uleule."

Mwalimu Hilaire alikuwa ameinamia kioo cha kompyuta. "Na hii picha je? Kanyagio liko wapi? Hapa watu wataona bidoni tu. Kila nyumba ya Likasi iko na bidoni!"

Fidélie alisogea kutazama. Alipoukata upande wa Karima, alikuwa amelikata na kanyagio, na hakuliona.

"Imekatwa," alisema Tantine. "Si neno. Kilichokatwa hakijaenda popote, kimefichwa tu ndani ya faili, nacho kinaongeza uzito. Muangalie." Alibonyeza mahali pa kurudisha picha ya asili.

Karima akatokea, mguu juu ya kanyagio, akicheka.

Karima aliitazama picha, kisha akasoma maneno yaliyokuwa chini yake.

"Ilijikata yenyewe?" aliuliza kwa sauti ndogo. "Pengine kompyuta iliharibika."

Alikuwa amemfungulia rafiki yake mlango wa kutorokea. Ilitosha Fidélie aitikie kwa kichwa.

"Hapana," alisema, na machozi yakamlenga. "Ni minye njo nilikata. Kila mutu anasema Karima, Karima. Nguzo nilibeba na bega yangu, na hakuna mutu alisema aksanti."

"Kama ni vile, mbona hukuniambia?" Karima aliuliza. "Weye unakataa hata mukate yangu, minye nazani uko mugonjwa!"

Tantine alikohoa kuficha kicheko. Hata Fidélie alijikuta akicheka huku akijipangusa machozi. "Unisamehe, Karima."

"Nimekusamehe. Lakini saa inapita!"

Walifanya kazi wakiwa wamebanana mbele ya kioo. Fidélie alikata ukingo wa kushoto tu, nyuma ya mahali aliposimama yeye, palipokuwa na ukuta mtupu wa choo. Alipotaka kuipunguza picha, Tantine alimwonya ashike kidoti cha pembe, si cha ubavu, "ama mutaonekana wanene kama mifuko ya makala ya kupikia." Kisha akamwonyesha pa kubonyeza ili kuzibana picha zote na kufuta kabisa sehemu zilizokatwa. Mega thelathini na moja zikawa tatu.

Chini ya picha Fidélie aliandika upya: "Karima, aliyebuni kanyagio." Karima akanyoosha mkono na kuongeza kwa kidole kimoja, herufi moja moja: "na Fidélie, aliyeleta nguzo na bidoni."

Saa nane kasoro dakika sita ripoti iliondoka.

"Na mimi nina kosa langu," alisema Mwalimu Hilaire. "Niliona wazo, sikuliona bega lililobeba nguzo. Jumatatu nitalisema darasani."

Tantine Albertine alimgeuzia Fidélie kiti chake, wakatazamana.

"Ulitaka uonekane peke yako," alisema kwa upole, "ukabaki na bidoni lisilofanya kazi. Ukimwondoa mwenzako, unaondoa na kile mlichokifanya pamoja. Siku nyingine roho ikikuuma, sema. Sema mapema, kama leo ulivyosema kweli. Jambo likisemwa linatengenezeka. Likifichwa linabaki ndani likikulemea, kama picha ile."

Fidélie aliitikia. Karima akafungua mkoba wake, akatoa mkate, akaukata katikati.

"Leo umeshiba?"

"Leo niko na njaa," alisema Fidélie, akapokea nusu yake.