Ukuta wa Chumba cha Mzinga

Mzinga-sumaku wa manowari Kiboko haukutoa moshi wala moto. Umeme ulijaa kwenye reli zake mbili kwa nusu dakika, kisha nondo nene ya chuma ikachomoka kwa kasi mara saba ya ile ya sauti. Mbali sana, shabaha iliyokuwa ikielea baharini ikatoweka.

"Nane," alisema Shomvi, mpiga mzinga mkuu, mgongo wake umeegemea ukuta wa chumba cha mzinga.

"Tisa, mzee," Mhandisi Sikudhani alimsahihisha kwa kicheko. Yeye ndiye aliyeubuni mzinga huo, akitaka wapigaji wastaafu na masikio yao mazima.

Akili unde ya meli ikatangaza: "Mshindo chumbani ni salama. Imebaki mipigo mitatu."

Ikikamilika mipigo kumi na miwili kabla ya saa sita mchana, jeshi lingeupokea mzinga.

"Viti vipo, mzee. Mbona ukutani?" Sikudhani aliuliza.

"Kiti kitaniambia nini? Mizinga ya zamani tuliisikiliza kwa mgongo. Mpigo ukienda kombo, uti wa mgongo unajua kabla ya kioo chako." Shomvi akawanyooshea kidevu wapigaji wawili vijana, nao wameegemea vilevile. "Hawa nimewafundisha mimi. Nyinyi wasomi mnasikiliza kwa karatasi."

Vijana wakacheka. Sikudhani akatazama juu. Vipima-mshindo sita alivifunga kwa mkono wake mwenyewe, vyote darini, vyote vikipima hewa. Ukutani hakukuwa na hata kimoja.

Reli zikaanza kujaa. Alipanda kwenye kiti, akang'oa kipima kimoja na kukibana kati ya mgongo wa Shomvi na ukuta.

"Unanitekenya, mwanangu."

Sakafu ikatikisika. Kipima kilisoma mara kumi na moja ya kiwango salama.

"Nane," alisema Shomvi tena.

Sikudhani akakata umeme wa mzinga.

"Nani amezima?" Sauti ya Kamanda Mkude ilitoka kwenye kipaza sauti.

"Mimi, kamanda. Wapigaji wanaumia. Mshindo unapita kwenye chuma, unaingia mwilini mpaka ubongoni."

"Akili unde inasema ni salama."

"Inasema nilichoifundisha. Kosa ni langu."

"Imebaki miwili tu. Waambie wasiegemee."

"Sakafu nayo ni chuma, kamanda. Sijui inapitisha kiasi gani. Mpaka nijue, siwashi."

"Tukishindwa leo, mzinga wako unarudi ghalani. Miaka sita ya kazi, Sikudhani."

"Naelewa."

"Basi andika ripoti. Nitaitia saini."

Shomvi alikunja uso. "Umeniharibia siku, mwanangu."

"Mzee, leo siku gani?"

"Siku ya mizinga," alijibu haraka. Vijana wakacheka tena.

Sikudhani akamgeukia mmoja wao, Hamduni, wa miaka ishirini na mitatu. "Na wewe? Leo siku gani?"

Hamduni alifungua mdomo. Akamtazama Shomvi, kisha mwenzake. Hakuna aliyecheka.

Sikudhani alishusha vipima vitano vilivyobaki, akapiga magoti na kuvipanga sakafuni.

"Nionyesheni," alisema, "kila mahali mnapoegemea. Tuanze na wewe, mzee."

Shomvi akajiinua kutoka ukutani, taratibu, akaja kupiga magoti kando yake.