Saini ya Mama Loveth

Kila siku ya kazi, kabla jua halijachomoza, Loveth alimsikia mama yake akigonga buti sakafuni ili kutoa vumbi. Marselina, au Mama Loveth kama majirani walivyomwita, alikuwa mlinzi wa lango katika yadi ya malori kando ya barabara kuu, pale Mikumi. Alivaa shati la bluu lenye nembo ya kampuni ya ulinzi begani, akachukua rungu lake na chupa ya chai, akasema, "Funga mlango wa jiko, nyani wasiingie." Kisha akaondoka, maana saa kumi na mbili kamili ilipaswa imkute langoni.

Yadi ilikuwa ya mfanyabiashara mmoja wa Dar es Salaam. Yeye hakuajiri walinzi mwenyewe. Aliwachukua kutoka kampuni ya ulinzi yenye ofisi Morogoro. Marselina alikuwa amelinda lango lile miaka minne. Msimamizi wake aliitwa Cornel. Huyo ndiye aliyepanga zamu, aliyekagua sare na aliyeandika majina ya waliochelewa.

Marselina alikulia Kimamba, ambako babu yake alifika zamani kukata mkonge. Aliacha shule akiwa darasa la nne. Namba za malori aliziandika vizuri kwenye daftari la lango, lakini karatasi ndefu zilimshinda. Karatasi zote za nyumbani alisomewa na Loveth, aliyekuwa na miaka kumi na miwili na aliyesifiwa shuleni kwa kusoma kwa sauti.

Jumamosi moja ya mwezi wa kwanza, Cornel alifika nyumbani kwao na bahasha.

"Shikamoo," Loveth alimwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Mama yupo?"

Marselina alikuwa jikoni akisonga ugali. Cornel alitoa karatasi mbili zilizojaa maandishi. "Ofisi wanataka kila mlinzi asaini," alisema. "Wenzako wameshasaini."

"Za nini?"

"Ni za ofisi," Cornel alijibu bila kumtazama. "Mwambie mtoto akusomee."

Loveth alizipokea akiwa amesimama mlangoni. Nje, rafiki yake Doris alikuwa akimwita. Mechi ya mpira wa pete kati ya darasa lao na darasa la saba ilikuwa karibu kuanza. Loveth alipitisha macho haraka haraka. Aliona maneno "kutunza sare" na "kurudisha vifaa". Ukurasa wa pili hakuugusa.

"Ni mambo ya sare, mama. Uitunze, na siku ukiacha kazi uirudishe."

"Umesoma yote?"

"Nimesoma yote."

Marselina alifuta mikono kwenye kanga, akasaini. Loveth alikuwa ameshafika barabarani. Siku hiyo darasa lao lilishinda, na ile karatasi hakuifikiria tena.

Mwezi wa nne, siku ya mvua, lori lililokuwa likirudi nyuma lilimbana Marselina kwenye nguzo ya lango. Mguu wa kulia ulivunjika mahali pawili. Alilazwa hospitalini wiki tano, akatoka na vyuma ndani ya mguu na magongo mawili.

Meneja wa yadi alikuja kumwona mara moja. Alisema pole, akaweka chungwa juu ya kabati, akaeleza kwamba walinzi si wake, ni wa kampuni ya ulinzi. Marselina aliona ni sawa. Alimwomba jirani ampigie simu Morogoro. Baada ya siku chache ikaja barua ya kampuni, na Loveth akaisoma neno kwa neno.

Barua ilisema Marselina si mwajiriwa wa kampuni. Ni mtoa huduma anayejitegemea, kama fundi anayeitwa kutengeneza bomba na kwenda zake. Kwa hiyo kampuni haihusiki na matibabu wala fidia. Nyuma ya barua kulikuwa na nakala ya karatasi mbili, na chini yake saini.

Loveth alizitambua karatasi zile. Ukurasa wa pili, ule ambao hakuusoma, ulisema hivyo hivyo kwa maneno marefu.

"Hii nini?" Marselina aliuliza huku akiishika ile nakala. "Mimi nilisaini karatasi ya sare. Hapa Cornel ameghushi. Ameichukua saini yangu akaiweka kwenye uongo wake."

Loveth aliikunja barua, akairudisha kwenye bahasha.

Marselina hakunyamaza. Alimweleza kila aliyekuja kumjulia hali, na kwa siku chache mtaa mzima ukajua. Watu waliacha kumsalimia Cornel. Binti yake, Imani, alisoma darasa moja na Loveth. Wanafunzi walianza kumwita "Saini". Doris naye alimwita hivyo. Imani akawa anakula peke yake nyuma ya darasa, na kengele ya kutoka ikilia anakuwa wa kwanza kuondoka. Loveth aliyaona yote hayo akakaa kimya. Alijiambia kwamba akisema ukweli, mama atakosa haki yake. Lakini alijua pia kwamba alimwogopa mama yake.

Mwezi wa sita, shule zikiwa zimefungwa, Marselina, aliyekuwa amepeleka malalamiko yake, aliitwa Kilosa kwenye usuluhishi wa mgogoro wa kazi. Jioni ya kuamkia safari alikuwa akifanya mazoezi ya maneno yake. "Nitamwambia msuluhishi, karatasi hii sijawahi kuiona. Nitaapa."

"Usiape, mama," Loveth alisema. "Ni ile ile. Ile niliyokusomea."

Marselina alimtazama.

"Sikusoma yote. Nilisoma juu juu tu."

"Uliniambia umesoma yote."

"Mechi ilikuwa inaanza."

"Mechi," Marselina alirudia polepole. Hakumpiga wala hakufoka. Aliomba maji, akanywa, akaugeuzia ukuta uso. Loveth alitamani angepigwa.

Asubuhi walipanda basi la Kilosa. Loveth alibeba mfuko na kumshikia mama magongo. Njia nzima, kupita Ulaya hadi Kilosa mjini, Marselina hakumsemesha.

Msuluhishi alikuwa mwanamke wa makamo aliyeitwa Bi Yudith. Upande wa kampuni alikuja ofisa kutoka Morogoro, Bwana Frank, akiwa na faili nene. Pembeni yake alikaa Cornel, amekonda. Bi Yudith alimruhusu Loveth akae nyuma ya mama yake.

"Mama, unasema saini hii si yako?"

Marselina aliitazama saini. "Ni yangu," alisema. "Nilisaini bila kujua kilichoandikwa. Nimemsingizia Cornel mtaani kwamba ameghushi. Hakughushi. Naomba radhi mbele yenu."

Cornel aliinamisha kichwa. Bwana Frank alifunga faili lake. "Basi, mheshimiwa, nadhani mgogoro umekwisha. Amekiri."

"Amekiri saini," Bi Yudith alisema. "Kazi bado hatujaizungumza." Akamgeukia Cornel. "Nani alimpangia zamu mama huyu?"

"Mimi."

"Sare na rungu alinunua mwenyewe?"

"Hapana. Ni vya kampuni."

"Angeweza kumleta ndugu yake alinde badala yake? Au kulinda yadi nyingine akitaka?"

"Hapana. Angeondolewa."

"Alipopata shida, ruhusa aliomba kwa nani?"

Bwana Frank alimkazia macho Cornel. Cornel alijisugua magoti kwa viganja kabla ya kujibu.

"Kwangu. Mwaka jana shangazi yake alifariki Kimamba. Aliomba siku moja akazike. Nilimkatalia. Ofisi walisema lindo lisibaki wazi."

Bi Yudith aliyaandika majibu hayo.

"Mtu anayejitegemea haombi ruhusa ya kwenda kuzika," Bi Yudith alisema. "Bwana Frank, karatasi inaweza kumwita mtu jina lolote. Sheria inaangalia mtu huyo anafanya kazi vipi, na chini ya amri ya nani. Tukishindwa kuelewana hapa, jambo hili litakwenda kwa mwamuzi, na majibu ya msimamizi wako yatasikika huko." Halafu akamuuliza Cornel, kwa sauti ya chini, "Na wewe ulisaini karatasi kama hii?"

"Nilisaini."

"Uliisoma?"

"Niliisoma. Nina watoto."

Bwana Frank alitoka nje kupiga simu. Alikaa huko karibu saa nzima. Aliporudi, kampuni ilikubali kwa maandishi kwamba Marselina alikuwa mwajiriwa wake kwa miaka yote minne, kwamba italipia matibabu, na kwamba itawasilisha madai yake ya fidia kama mfanyakazi aliyeumia kazini. Bi Yudith aliyasoma makubaliano yote kwa sauti, mara mbili, kabla Marselina hajasaini.

Haki ilipatikana, ila nyumbani hakuna aliyeifurahia sana. Daktari alisema mguu hautarudi kama zamani. Langoni aliwekwa mlinzi mwingine. Cornel aliondolewa kazini kabla mwezi haujaisha. Aliambiwa tu kwamba huduma yake haihitajiki, na akaanza kufunga mizigo arudi Msowero kulima.

Loveth alikwenda nyumbani kwa Cornel siku moja kabla hawajahama. Alimkuta Imani akiosha masufuria uani, akamweleza kila kitu na kumwomba msamaha.

Imani aliendelea kusugua. "Ungesema mapema," alisema. Akavuta sufuria nyingine, na Loveth akarudi nyumbani.

Shule zilipofunguliwa mwezi wa saba, alichelewa kutoka asubuhi ya kwanza. Alikaa kizingitini na begi mapajani. Marselina alikuja kwa magongo, akakaa karibu naye, mguu wake mbovu ameunyoosha mbele.

"Unawaza kiti cha Imani kitakachokuwa kitupu?"

"Ndiyo, mama."

"Nisikilize, nitasema mara moja. Ile karatasi hukuiandika wewe. Walioiandika walijua wanachokitafuta, na lawama hiyo ni yao. Mguu umevunjwa na lori. Lakini heshima ya Cornel niliivunja mimi, kwa neno ulilonipa wewe. Uliniambia umesoma yote. Ungesema hujasoma, ningemwambia Cornel aje kesho. Kusema hujasoma, au hujaelewa, ni aibu ya dakika moja. Angalia wewe mwenyewe uongo wa dakika moja umefika wapi."

Loveth alikuwa akilia.

"Na ulipoamua kusema, ulisema ukijua utaniumiza. Hilo nimeliona. Ungechelewa siku moja zaidi, ningeapa uongo mbele ya yule mama, na lolote ambalo ningesema baadaye lisingesikilizwa. Ukweli uliuchelewesha, mwanangu. Mwingine usiucheleweshe." Alishika fremu ya mlango, akajiinua taratibu. "Haya, futa uso. Darasani watauliza Imani yuko wapi na kwa nini ameondoka. Uwaeleze wewe, tena uwaeleze yote."