Upepo Uliosingiziwa

Msimu wa pilipili hoho ukifika, kijiji kizima karibu na mji wa Leskovac hunuka moshi. Kila ua una jiko lake la kuni. Pilipili nyekundu huchomwa, humenywa, husagwa, kisha hukorogwa kwenye sufuria kubwa mpaka zigeuke rojo zito. Rojo hilo huitwa aivari. Nyumba isiyo na aivari wakati wa baridi husemwa, na mwenye nyumba anayesemwa ni mwanamke.

Desanka hakutaka kusemwa. Asubuhi hiyo alikuwa jikoni uani, mwiko mrefu mkononi, akikoroga. Mumewe, Ljubinko, alikuwa nje akichoma pilipili za mwisho. Kila baada ya muda aliingia ndani. Hakuingia kumpokea mwiko, aliingia kukagua madirisha.

Watu wa huko hawaogopi theluji, lakini wanauogopa sana upepo unaoingia dirisha hili na kutokea lile. Shingo ikikaza, ni upepo huo. Jino likiuma, ni huo huo. Mtu akifungua madirisha mawili kwa pamoja ndani ya basi, hata kama jua linachoma, abiria watamfokea kama mwizi.

"Nani kaacha hili wazi?" Ljubinko aliuliza, akalifunga dirisha.

"Mimi. Moshi unaniua."

"Moshi haujaua mtu. Upepo ndio umeua, tena mtu wetu wenyewe."

Desanka alijua anamsema nani. Dada yake Ljubinko, Stanojka, alifariki mwaka jana, siku chache baada ya msimu wa pilipili. Alikuwa wifi, lakini kwa Desanka alikuwa zaidi ya ndugu wa damu. Walikoroga sufuria hii pamoja kila mwaka, mmoja akichoka mwenzake anashika. Kigoda chake bado kilikuwa pale ukutani. Hakuna aliyekikalia.

Siku ile Stanojka alifua mapazia ya nyumbani kwake, akaacha madirisha yote wazi. Jioni akalalamika kwamba mgongo unamuuma na amechoka mno. Wote wakasema amepigwa na upepo. Kulipokucha alikuwa amekwisha. Daktari aliyekuja kuandika cheti alisema moyo umesimama. Wakamjibu kwamba kila anayekufa moyo wake husimama, hilo wanalijua, na waliendelea kuulaumu upepo. Radisav, mumewe Stanojka, alichukua nyundo na misumari akalipigilia dirisha la chumba chao. Tangu hapo halijafunguliwa.

Desanka aliendelea kukoroga. Tangu wiki iliyopita alikuwa na uchovu asiouelewa. Akipanda ngazi ya kwenda darini anatweta. Usiku usingizi hauji. Alijiambia ni umri, maana hedhi yake ilikwisha koma. Kisha akajiambia ni kazi, na kazi haiishi kwa kulalamikiwa.

Ghafla maumivu yakamshika katikati ya mabega. Hayakuwa makali. Yalikuwa mazito, kama mtu kamwegemea mgongoni. Yakapanda mpaka kwenye taya. Kichefuchefu kikafuata. Alishika ukingo wa meza kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili akaendelea kukoroga, kwa sababu aivari ukiiacha inaungua.

Ljubinko alimwona amepauka.

"Si nilikwambia? Upepo umeshakupiga."

"Mgongo tu. Na taya."

"Basi ndio huo. Ngoja nilete rakia nikusugue. Kisha unajifunika, unalala, asubuhi unaamka msichana."

"Ukinisugua nikawa msichana, utapata shida wewe," Desanka alisema. Alijaribu kucheka, lakini pumzi haikutosha.

Ljubinko alikwenda ndani kutafuta chupa ya rakia. Ni pombe kali ya matunda ya plamu, na kwa watu wale ni dawa ya kila kitu, ya kunywa na ya kupaka.

Hapo ndipo jirani yao, Zagorka, alipoingia na kapu la chupa tupu. Desanka alikuwa amemwomba za kutilia aivari. Zagorka ni muuguzi wa kituo cha afya, kazi yake ni kuzungukia wagonjwa majumbani. Siku hiyo alikuwa mapumzikoni, amefunga kilemba cha kuchomea pilipili, mikono myeusi kwa masizi. Aliweka kapu chini akamtazama Desanka usoni.

"Mbona unatoka jasho? Moto wenyewe umeshafifia."

Akamshika paji la uso. Jasho lilikuwa la baridi.

"Upepo umenipiga, shoga yangu. Ljubinko kafuata rakia."

"Unaumwa wapi?"

Desanka akamwambia: mgongo, taya, tumbo linataka kutapika. Zagorka akauliza kuhusu kifua. Desanka akasema kifua hakimuumi, kimebanwa tu, kama amevaa gauni la binti yake. Zagorka akauliza ameanza lini kuchoka. Akajibu wiki nzima. Alivyokuwa akijibu, maneno yake mwenyewe yakaanza kumtisha. Alikwisha kuyasikia. Aliyasikia mwaka jana, kutoka kinywani mwa mtu mwingine, tena kwa mpangilio ule ule.

"Zagorka," alisema polepole, "Stanojka alisema hivi hivi."

Zagorka akamnyang'anya mwiko.

"Kaa chini. Usitembee, usiinue kitu."

Kiti cha karibu kilikuwa kile kigoda. Desanka alikikalia.

Zagorka alipiga simu 194, akaita gari la wagonjwa. Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa: mwanamke, umri wa hamsini na kitu, dalili za mshtuko wa moyo. Ljubinko alikuwa mlangoni na chupa yake, akayasikia hayo.

"Moyo gani?" aliuliza. "Mtu anaumwa mgongo, wewe unaita gari la moyo? Baba yangu aliumwa moyo. Alishika kifua akaanguka, kila mtu aliona. Huyu anaongea, anatania."

"Baba yako alikuwa mwanamume, Ljubinko. Weka hiyo chupa chini, fungua dirisha, apate hewa."

"Dirisha?"

"Lifungue."

Alilifungua. Gari lilipofika, aivari ilikuwa imeungua mpaka chini. Harufu yake iliwafuata hadi barabarani. Hakuna aliyegeuka kuitazama.

Katika hospitali ya mjini walipima umeme wa moyo wake na damu yake. Zagorka alisema kweli. Mshipa mmoja unaolisha moyo ulikuwa umeziba. Waliupitishia mrija mwembamba kutoka mkononi, wakauzibua. Daktari alimweleza bila kumficha. Ataishi, lakini sehemu ya nyama ya moyo imekufa na haitarudi. Atakunywa dawa maisha yake yote. Kama angelala na rakia mgongoni mpaka asubuhi, pengine asingeamka.

Ljubinko alilia ukumbini, uso ukutani. Desanka hakulia siku hiyo. Alikuwa akiifikiria jioni nyingine. Alikuwa akiiona mikono yake mwenyewe ikimsugua Stanojka mgongoni, na akajisikia akimwambia, "Lala, wifi, kesho utakuwa mzima." Yeye ndiye aliyefunga dirisha na kuzima taa. Alimwacha mtu aliyekuwa akifa, akaenda kwake kula.

Zagorka alipokuja kumwona, Desanka alimuuliza swali moja tu.

"Angepona?"

"Sijui," Zagorka alisema. "Hakupimwa, kwa hiyo hakuna wa kukuapia. Lakini dalili zilikuwa zile zile. Angalau angekuwa na nafasi uliyoipata wewe."

Desanka aligeuza uso dirishani. Zagorka hakumbembeleza. Alivuta kiti akamweleza taratibu.

Alisema kwamba kwa miaka mingi madaktari walijifunza ugonjwa wa moyo kwa kuwachunguza wanaume zaidi. Ndiyo maana kila mtu anamjua mgonjwa wa moyo kama mwanamume anayeshika kifua. Siku hizi watafiti wamewafuatilia wanawake wengi, na wameona mambo ambayo hata yeye alifundishwa upya juzi juzi. Wanawake wengi nao huumwa au hubanwa kifua. Lakini wao, kuliko wanaume, huongezewa na mengine: mgongo, taya, shingo, kichefuchefu, kukosa pumzi. Baadhi yao kifua hakiwaumi kabisa. Wengi huanza na uchovu usio wa kawaida na kukosa usingizi, siku au hata wiki kabla. Na wanawake hukawia nyumbani kuliko wanaume. Wanamaliza kwanza kupika, wanamaliza kufua.

"Na wakifika hospitali, wapo wanaorudishwa nyumbani, wanaambiwa ni mawazo," Zagorka aliongeza. "Si kijijini tu tunakosea."

"Ningejuaje?" Desanka aliuliza.

"Usingejua. Mimi mwenyewe nilimpita Stanojka barabarani wiki ile, akaniambia kachoka. Nikamwambia apumzike."

Kisha Zagorka akauliza jambo ambalo Desanka hakulitegemea. Aliuliza kama Slavica, binti wa Stanojka, alipata presha wakati wa ujauzito wake. Desanka alikumbuka vizuri. Slavica alivimba miguu na uso, presha ikapanda, wakamzalisha kabla ya siku zake. Mtoto alipozaliwa, wote walishukuru wakayasahau.

"Moyo hausahau," Zagorka alisema. "Tafiti zimeonyesha mwanamke aliyepata presha ya ujauzito ana hatari zaidi ya ugonjwa wa moyo baadaye, hata miaka mingi ikipita. Na huyu mama yake kafa mapema. Anatakiwa apimwe presha, sukari na mafuta ya damu, kila mwaka. Nani atamwambia?"

Desanka alijua ni nani. Kumwambia Slavica maana yake ni kumwambia pia mama yake alikufa kwa ugonjwa gani. Na Radisav atasikia. Radisav amekaa mwaka mzima akiuchukia upepo. Ukimwondolea upepo, atabaki na nini cha kuchukia?

Kumbukumbu ya mwaka ilifika mwezi uliofuata. Walikwenda makaburini kama desturi inavyotaka, na mishumaa, ngano iliyochemshwa kwa sukari, mkate, nyama na divai. Kasisi alisoma, akamwagia kaburi divai, akaenda zake. Watu wakala wamesimama kandokando ya kaburi. Radisav alikuwa amekonda, koti linamning'inia. Jirani mmoja, katika kutafuta la kusema, akasema upepo ule ulikuwa mbaya sana.

Desanka aliweka sahani yake chini ya msalaba.

"Haukuwa upepo," alisema.

Walimtazama. Moyo wake uliobaki nusu ulikuwa ukienda mbio, akasubiri utulie.

"Naamini ulikuwa moyo. Kama wangu. Mgongo, taya, uchovu, vyote alivyovisema Stanojka nami nilikuwa navyo. Mimi niliitiwa gari. Yeye nilimsugua rakia nikamfungia dirisha. Sikujua. Lakini sasa najua, na nikinyamaza nitamzika mwingine. Slavica, mwanangu, wewe ulikuwa na presha ya mimba. Kesho twende kwa Zagorka ukapimwe."

Slavica alifunika mdomo kwa mkono. Radisav aliinamia mishumaa akawa anaiwasha iliyozimika, mmoja mmoja, mpaka watu wote wakaondoka.

Slavica alipimwa. Presha yake ilikuwa juu, naye hakuwa na habari, kwa kuwa hakuumwa popote. Alianzishiwa dawa. Akapunguza chumvi na sigara, na sigara zilimshinda mara nyingi kabla ya kumwacha. Zagorka alianza kupita nyumba kwa nyumba jioni za baridi, wakati wanawake wamekaa pamoja na hawawezi kumkimbia. Aliwaambia dalili, akawafanya wairudie namba ya simu mpaka wakachoka naye.

Lakini Radisav hakutokea kwa siku nyingi. Ljubinko alimgongea, hakufungua. Desanka alianza kuamini kwamba amemuua na huyu.

Asubuhi moja alikuwa akitembea polepole barabarani, kama alivyoagizwa hospitali, akasikia kitu kikigongwa nyumbani kwa Radisav. Alisimama penye ua. Radisav alikuwa kwenye lile dirisha la chumbani, nyundo mkononi, aking'oa misumari. Ilikuwa imeshika kutu, ikitoka kwa kulia. Alipoing'oa yote alisukuma kioo kwa bega. Kisha akaenda kufungua mlango wa mbele, akarudi akakaa kitandani, mgongo umeelekea dirishani.

Pazia lilijaa hewa likamgusa shingoni. Hakusogea.

"Shemeji, utaugua," Desanka alisema. Ulimi ulimtangulia, kwa mazoea.

Radisav alitikisa kichwa. Machozi yalikuwa yakimtoka bila sauti.

"Ni upepo tu, Desanka," alisema. "Aliniambia mgongo unamuuma, mimi nikagombana na upepo."