Watu wa Kivulini

Makutano ya barabara kuu yalikuwa yamefurika. Wauguzi, ndugu wa wagonjwa na wanafunzi walikuwa wakipaza sauti kudai vitanda na dawa, na katikati yao alijipenyeza mwanamume mwenye shati la bluu, kamera shingoni, midomo ikimchezacheza. Akamkanyaga muuguzi mmoja mguu.

"We kaka! Huoni?"

"Samahani sana, dada. Nilikuwa nahesabu."

"Unahesabu nini?"

"Watu."

Muuguzi alimtazama kuanzia viatu hadi nywele, akaangua kicheko. Alikuwa mrefu, mweusi wa kung'aa, na kilemba cha njano alichojifunga kujikinga na jua kilimpendeza kuliko hata sare yake nyeupe. "Haya, na mimi umeshanihesabu?"

"Wewe nimekuhesabu mara mbili. Itabidi nianze upya."

Ndiyo iliyokuwa kazi yake. Kila penye maandamano, waandamanaji hudai walikuwa laki nzima, polisi hudai walikuwa wahuni wachache, na gazeti humpandisha yeye juu ya paa la jengo refu. Hupiga picha, huigawa katika miraba, huhesabu vichwa kwenye miraba michache, kisha hukadiria umati wote. Ofisini walimwita Kikokotoo. Pande zote mbili zilimtukana, naye akayaona matusi hayo kuwa ndiyo sifa yake.

Mapenzi yakakolea upesi. Simu hazikupoa.

"Umekula, Kikokotoo wangu?"

"Bado, mpenzi. Nilikuwa nakuwaza."

"Mara ngapi?"

"Hiyo sikadirii."

"Muongo mkubwa wewe!"

Wakakubaliana kuoana. Shangazi aliyemlea muuguzi akaanza kumwita mkwe hata kabla siku haijapangwa.

Kisha wauguzi wakaitisha maandamano makubwa, na yule binti akawa mmoja wa viongozi. Mkurugenzi wa hospitali alikuwa ametamka wazi: mji ukijitokeza kuwaunga mkono, atakaa nao mezani, wakiwa kikundi tu cha wakorofi, atawafukuza. Kazi ya binti ikawa imening'inia kwenye idadi ya watu.

Siku hiyo jua lilikuwa kali la kuchoma utosi. Kikokotoo alikuwa paani, analenga kamera, simu ikaita.

"Mpenzi, unatuona?"

"Nawaona. Ila katikati ya barabara kweupe. Mmepungua."

"Hatujapungua! Jua limewasukuma watu kwenye vibaraza vya maduka. Wamejaa chini ya mabati, huku na huku, mpaka sokoni. Huko juu unaona mabati tu. Shuka uone."

Angeambiwa hivyo na muuza magazeti, au hata na askari, angeteremka ngazi mbio. Lakini aliyesema alikuwa mchumba wake.

"Wewe siwezi kukuchukua kama shahidi, mpenzi. Watu wanajua tuko pamoja. Watasema umeninong'oneza."

"Sikuombi uongeze hata mtu mmoja. Nakuomba ushuke ngazi."

"Mimi nahesabu ninachokiona."

Simu ikakatika. Kikokotoo akapiga picha zake, wala hakushuka. Alijiona mtu wa msimamo. Kwa kweli aliogopa tu kuonekana ametumwa na mwanamke.

Gazeti likaandika elfu sita. Kesho yake mkurugenzi akaliinua mbele ya kamera huku anatabasamu: "Hata hawa wasiotupenda wamesema elfu sita." Mazungumzo yakafutwa, viongozi wa wauguzi wakamwaga unga, na wagonjwa wakaendelea kulala sakafuni. Binti akaacha kupokea simu zake. Kikokotoo akaamini amenuniwa kwa kukataa kudanganya, akawa anawaambia wenzake ofisini, "Mapenzi ni mapenzi, kazi ni kazi." Wenzake wakamsifu, wajinga wale.

Wiki chache baadaye alitumwa kumpiga picha mwenye duka la viatu katika barabara ileile, mchana. Jua likamkimbiza, akajikuta amebanana na watu kibarazani, bega kwa bega. Akainua macho, akaona bati. Akatazama barabarani: hapakuwa na mtu.

"Siku ya maandamano hapa palikuwaje?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Ndugu yangu, acha tu," mwenye duka alisema. "Walijaa mpaka humu ndani. Nilishindwa hata kufunga mlango."

Akavipima vibaraza vyote, akarudia hesabu. Idadi ikawa zaidi ya mara tatu. Gazeti likachapisha masahihisho kurasa za ndani, chini ya tangazo la magodoro. Hospitali haikujibu kitu.

Akalichukua gazeti hilo mpaka kwa shangazi. Alimkuta binti sebuleni, amevaa gauni la safari la kijivu, anakunja nguo. Alikuwa amepata kazi katika hospitali ya mji wa mbali.

"Nilikosea hesabu," alisema. "Nimewaomba radhi wote. Sasa nakuomba wewe. Turudiane, tafadhali."

"Nimesoma. Hesabu nimekusamehe, hakuna asiyekosea." Akaendelea kukunja. "Nani alikwambia habari za vibaraza?"

"Niliona mwenyewe. Na mwenye duka la viatu akathibitisha."

"Ukamwamini?"

"Ndiyo."

"Hapo hapo?"

Kikokotoo akaliweka gazeti mezani.

"Muuza viatu, hata humjui vizuri, umemwamini hapo hapo. Mimi nilikupigia nimesimama palepale, jasho linanichuruzika, ukaniambia mimi si shahidi. Kwa nini? Kwa kuwa unanipenda!" Machozi yakamtoka. "Tukioana nikikwambia mtoto ana homa, utakwenda kwanza kwa jirani akuhakikishie?"

"Nitabadilika, mpenzi. Naapa."

"Bado nakupenda, na ndicho kinachoniua. Lakini siwezi kuishi na mtu ambaye kunipenda kwake kunanifanya muongo."

Shangazi alikuwa amesimama mlangoni, anajifuta macho kwa ncha ya khanga. Hakumtetea mkwe wake.

Sanduku lilikuwa zito, na hapakuwa na mwingine wa kulibeba. Kikokotoo akalifikisha kwenye teksi, akamfungulia binti mlango, akauinamia.

"Basi ukifika nipigie, nijue umefika salama."

"Nitampigia shangazi," binti alisema akivuta mlango. "Utamuuliza yeye. Yeye utamwamini."